Inakata au Inakataa

Kama unataka kumjua Taratibu, usimwangalie akiwa amelala chini ya gari. Huko mafundi wote wanafanana, unaona viatu tu. Mwangalie anaponawa mikono. Wenzake hunawa wakimaliza kazi. Yeye hunawa kabla ya kuanza. Anasugua kucha kwa mswaki mkuukuu, anajifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, na ole wako ukigusa kitambaa hicho, halafu ndipo anafungua boneti. Anasema nyaya hazipendi uchafu. Wateja wapya humcheka. Wa zamani hukaa wakamsubiri anawe.

Mimi ni shangazi yake wa damu. Baba yake ni kaka yangu, tumbo moja. Lakini kwenye gereji ile hata wateja wenye mvi kunizidi huniita Shangazi, na nimeshazoea. Nakaa dirishani, katika kijichumba cha mbele chenye feni inayotoa kelele bila upepo. Dereva anakuja, ananieleza gari linaumwa nini, naandika kwenye kadi, kadi inakwenda kwa fundi. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa kupiga chapa kwa miaka ishirini na mitatu. Sijivuni, lakini mwandiko wangu unasomeka hata gizani na tahajia yangu haina doa. Haya basi, najivuna. Kwani nimeiba?

Taratibu alianza mapema. Alikuwa na miaka tisa alipoifungua redio yangu, eti kitufe cha sauti kinakwaruza. Nilitoka kazini nikaikuta redio nzima imetandazwa sakafuni juu ya gazeti, kila skrubu na namba yake pembeni kwa penseli. Siku ya kwanza nilimfokea. Siku ya pili nikamfokea tena. Siku ya tatu redio ikaimba safi kuliko ilivyotoka dukani, nami nikanyamaza. Kaka yangu alitaka binti yake awe muuguzi. Mtoto akamjibu, "Baba, mimi napenda mgonjwa ambaye halii." Akaenda chuo cha ufundi, umeme wa magari, msichana peke yake darasani. Wiki ya kwanza wavulana wakamtuma chai. Akawaletea, ameitia chumvi. Hawakumtuma tena.

Jina la Taratibu alipewa na mwenye gereji, ambaye naye sisi tunamwita Chapchap, kwa sababu ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, jibu lake ni hilo hilo siku zote. Ni mtu mwema, moyo mweupe pe, lakini ana haraka ya mtu anayefukuzwa na nyuki. Siku moja alimkuta Taratibu amekaa kwenye kiti cha dereva dakika arobaini bila kugusa kitu.

"Unafanya nini humo?"

"Nasikiliza."

"Taratibu hivyo mpaka lini?"

Jina likaganda. Gari lile lilipona siku ileile na halikurudi tena. Tangu hapo Chapchap humwita Taratibu kwa heshima, ingawa akilitamka bado anaangalia saa.

Sasa nikueleze kisa chenyewe, na nitakieleza chote, hata pale kinaponiuma.

Mwaka jana Taratibu aliomba ruhusa ya mwezi mzima kumuuguza mama yake, wifi yangu, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Katika mwezi huohuo akaja dirishani kwangu dereva mmoja tunayemwita Mzee Themanini. Jina hilo kalipata kwa sababu hazidishi kilomita themanini kwa saa, hata umwambie nyumba yake inaungua. Anaendesha basi dogo la kituo kimoja cha afya. Mara tatu kwa wiki anabeba wagonjwa wa figo, anawapeleka mji mwingine kusafishwa damu, anawasubiri, anawarudisha. Kwenda ni zaidi ya saa mbili, kurudi vilevile. Wagonjwa wanampenda, maana wakirudi wamechoka hoi, na mtu mwenye kichefuchefu hahitaji dereva wa mashindano.

Mzee mwenyewe goti lake la kulia lina chuma, ajali ya zamani. Ndiyo maana kwake kruzi si anasa. Kruzi, kwa asiyejua, ni kile kitufe kwenye usukani: ukifika mwendo unaoutaka unabonyeza, gari linaushikilia lenyewe, mguu wako unapumzika. Ukigusa breki, linaachia. Bila kruzi, goti la Mzee likifika mchana limevimba kama limeumwa na nyuki.

Siku hiyo dirishani palikuwa na foleni, na mashine ya kujazia upepo ilikuwa ikinguruma nyuma yangu. Mzee ana sauti ndogo. Akaona asishindane na mashine, akaninyooshea karatasi aliyoandika mwenyewe kwa herufi kubwakubwa. Nikaisoma, nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikamsahihisha neno moja hapohapo mbele za watu, kwa sauti, kama nilivyozoea kuwasahihisha madereva wote. Foleni ikacheka kidogo. Yeye akatabasamu, akasema, "Asante, Mama." Nikabandika karatasi kwenye faili, nikaandika kadi kwa mwandiko wangu mzuri: KRUZI INAKATAA.

Chapchap akaisoma kadi, akaliingiza gari barabarani, akazunguka mpaka mzunguko wa kwanza na kurudi. Dakika kumi. "Haikatai hata kidogo," akasema. "Nimebonyeza mara tano, imekubali mara tano." Akachomeka kompyuta ya kupimia, kompyuta nayo ikasema safi. Akagonga muhuri: HAKUNA HITILAFU.

Baada ya wiki Mzee akarudi. Karatasi tena, kadi tena, mzunguko uleule, muhuri uleule. Baada ya siku tano akarudi tena. Safari hiyo Chapchap hakumaliza hata mzunguko.

Taratibu alirejea kazini Jumatatu. Jumatano asubuhi nikaliona lile basi dogo linaingia, na Mzee Themanini akashuka bila karatasi. Hakuja dirishani. Alimwendea Taratibu moja kwa moja, akavua kofia.

"Fundi, leo sikuleta gari kutengenezwa," akasema. "Nimekuja kuuliza kama mimi nasinzia."

"Nani kasema unasinzia?"

Akampa barua. Ilikuwa ya meneja wa usafiri wa kituo chao. Taratibu akaisoma kwa sauti, nami masikio nimeyatega kule dirishani. Wagonjwa walikuwa wamelalamika kwamba gari hupunguza mwendo ghafla katikati ya barabara iliyonyooka, hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Mara moja lori lililokuwa nyuma lilikwepa kwa tundu la sindano. Dereva wa lori akapiga simu kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwa basi, akaripoti kwamba taa za breki zinawaka ovyo bila sababu, na bila shaka dereva wao anasinzia, akizinduka anakanyaga breki. Gereji imepima gari mara tatu na kulikuta zima. Kwa hiyo kuanzia Ijumaa, Mzee akabidhi funguo, ahamie getini kuandikisha wageni.

"Miaka thelathini na mmoja barabarani," Mzee akasema, na ile sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Getini naweza kukaa, kazi ni kazi. Lakini niondoke na jina la msinziaji? Hata mke wangu jana kaniuliza, baba, una hakika husinzii? Naanza kujishuku mwenyewe, binti yangu."

Taratibu akakunja barua. Akaenda kunawa mikono.

Aliporudi hakugusa gari. Alivuta benchi, akamketisha Mzee, akampa sahani ya gurudumu, ile ya plastiki inayofunika rimu, aishike kama usukani. "Niendeshee," akamwambia. "Toka kituoni mpaka panapotokea. Usiruke kitu."

Chapchap alikuwa anapita na mtungi wa oili, akaangua kicheko. Lakini Mzee aliendesha. Akafunga mkanda ambao haupo, akatazama kioo ambacho hakipo.

"Hapa nimetoka mjini. Hapa barabara imenyooka, nabonyeza. Imeshika. Mguu naushusha, naukalisha kwenye kapeti. Goti linashukuru. Dakika kumi, kumi na tano, gari tulivu, mama mmoja nyuma anasimulia harusi ya mwanawe. Navuka daraja. Baada ya daraja lami imejaa viraka, gari linatetemeka kidogo. Hapo, pu! Inakata."

Taratibu akainua kichwa. "Inakata, au inakataa?"

"Inakata." Mzee akakata hewa kwa kiganja. "Imeshika vizuri kabisa, halafu inakata. Nikibonyeza tena, inakubali. Inakwenda, inakata."

Taratibu akafungua faili, akatoa zile kadi tatu. "Hapa pameandikwa inakataa. Kadi zote tatu."

Mzee akaangalia chini. Mimi kule dirishani nilikumbuka karatasi ya kwanza, nikakumbuka na kalamu nyekundu. Ungeniona ungefikiri nimezama kazini, maana nilianza kutafuta stepla ambayo ilikuwa mkononi mwangu. Naandika hili kwa aibu: nilinyamaza.

"Chapchap," Taratibu akaita, "wewe ulipima nini?"

"Kama inakubali. Ikakubali."

"Basi ulipima ulichoandikiwa. Kruzi inayokataa utaijua palepale getini. Inayokata lazima uifuate mpaka inapokatia. Hiyo kazi haiishii kwenye mzunguko."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta inajibu swali, haisimulii. Ikiona breki imekanyagwa inaachia kruzi, ndiyo kazi yake. Kwa nini iseme inaumwa?"

Akaisoma tena ile barua, na alipofika kwa dereva wa lori akacheka peke yake. Alipocheka hivyo nilijua amekishika kitu. Hivyohivyo ndivyo alivyocheka juu ya redio yangu. Akatueleza. Kruzi hukata kwa sababu nyingi: kitufe cha usukani kimechoka, sensa ya mwendo inayumba, waya umelegea. Lakini hizo zote haziwashi taa za breki. Taa zikiwaka, maana yake gari limeambiwa breki imekanyagwa.

"Na wanaoweza kuliambia hivyo ni wawili tu," akasema. "Mguu wa dereva, au swichi iliyo juu ya pedali. Mmoja wao ni mwongo. Huyu wa lori alikuja kukushtaki, Mzee, kumbe kakutetea."

Akafungua mlango wa dereva, akainama na tochi. Mimi nami nikatoka dirishani, maana moto ulikuwa unanichoma kwenye kile kiti. Nikaona kwenye kapeti, chini ya pedali, vipande vidogo vyeupe vimetapakaa. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika, nikasema, "Mzee, hivi unakula biskuti ndani ya gari la wagonjwa?"

"Mimi na biskuti wapi na wapi, Mama? Meno yenyewe ya kuhesabu."

Taratibu alikwishaviokota, kimojakimoja, akaviweka kwenye kifuniko cha chupa. Akaibonyeza pedali ya breki kwa mkono polepole, akaachia, akabonyeza. Taa za nyuma ziliwaka na kuzima kama kawaida.

"Si umeshajua?" Chapchap akamuuliza. "Badilisha swichi, chapchap, tumalize."

"Nikibadilisha sasa, gari litapona na Mzee atabaki msinziaji. Nani atakayejua ilikuwa swichi? Shangazi, nipigie simu kwa huyo meneja. Mwambie kesho aje na macho yake."

Nikapiga. Meneja akajaribu kuniambia ana vikao. Nikamwambia mwanangu, vikao vitakusubiri, barua yako ina makosa, njoo. Kuhusu makosa sikutaja ni ya nani.

Alhamisi akaja, kijana mwembamba mwenye tai na simu mbili. Taratibu alikuwa amevuta waya kutoka kwenye laini ya taa za breki, akaupitisha chini ya dashibodi, akaufunga kwenye kitaa chake cha kupimia, na kitaa chenyewe akakibandika kwa tepu nyeusi mbele ya usukani ambapo kila mtu anakiona. Kitaa kikiwaka, breki "imekanyagwa". Akampangia kila mtu kazi. Mzee aendeshe. Meneja akae mbele, kazi yake miguu ya Mzee, basi. Mimi nyuma na daftari, niandike kila taa inapowaka.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Wewe si ndiye unayejua kuandika, Shangazi?"

Sikujua kama alinichoma makusudi. Bado sijui. Kama alijua, ana adabu, maana hata jicho hakunikazia.

Tukatoka mjini. Mzee akafika themanini, akabonyeza, kruzi ikashika. Akashusha mguu. Miguu yote miwili ikakaa kwenye kapeti sambamba, viatu vimepigwa rangi kama anakwenda kanisani au msikitini. Kilomita tano, kitu hakuna. Kilomita kumi, hakuna. Meneja akachomoa simu.

"Miguu, Meneja," Taratibu akasema kutoka nyuma. "Simu haina mguu."

Akairudisha mfukoni. Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Niliweza kumsikia anavyopumua. Mtu anayejua kwamba hana kosa lakini hana shahidi ndivyo anavyopumua.

Tukavuka daraja. Lami ya viraka ikaanza, gari likaanza kutetemeka. Kitaa kikamweka. Mara moja, kama mtu anayekonyeza. Gari likashusha pumzi, mwendo ukaanza kuanguka: sabini na tano, sabini, sitini na tano.

"Miguu iko wapi?" Taratibu akauliza.

Meneja alikuwa ameinama, macho kwenye kapeti. "Iko chini," akasema. "Yote miwili. Haijasogea."

"Rudia, Mzee."

Mzee akafika tena themanini, akabonyeza. Baada ya dakika mbili kitaa kikamweka tena. Na tena. Mara ya nne Mzee aliivuta miguu yake nyuma kabisa, chini ya kiti, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Kitaa kikawaka vilevile.

"Yesu na Maria," Meneja akasema, "na mimi nimekuandikia barua."

Mimi niliandika: mara nne, muda wa kila moja, miguu chini. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini niliandika.

Tuliporudi gereji, Taratibu akanawa mikono, akaingia chini ya dashibodi na kutoka na kitu kidogo sana. Kwenye mkono wa pedali hukaa kipande cha plastiki kama kifungo cha shati. Pedali ikiwa juu, kifungo hicho huibana swichi, na swichi husema: hajakanyaga. Cha basi hili kilikuwa kimezeeka kwa joto na miaka, kimebaki nusu, na ile nusu aliigusa kwa ukucha ikamomonyoka kiganjani. Hiyo ndiyo biskuti niliyoiona. Kwenye lami nzuri ile nusu ilitosha kuibana swichi. Kwenye viraka gari likitetemeka, swichi ilikuwa inaruka nje kufumba na kufumbua, inawasha taa, inakata kruzi, inarudi mahali pake kama haikufanya lolote.

Akaweka kifungo kipya, akabadilisha na swichi. Dakika ishirini. Chapchap mwenyewe alishangaa.

Meneja akawa amesimama mlangoni, barua mkononi. "Ninachoshindwa kuelewa," akasema, "mara tatu mlilipima. Mara tatu mkaniandikia hakuna hitilafu. Ningemwondoa mtu kazini kesho kwa muhuri wenu."

Chapchap akajikuna kichwa. "Meneja, sisi tunapima tunachoambiwa. Dereva wako aliandika inakataa. Karatasi zake hizi hapa." Akafungua faili, akazinyanyua mbili. "Mwandiko wake. Inakataa. Inakataa."

Wote tukamgeukia Mzee. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Yeye akaishika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Ni kweli, niliandika hivyo. Mnisamehe."

Nyani haoni kundule, lakini mimi la kwangu nilikuwa nimeliona tangu jana na nikalikalia. Nikaenda mpaka kwenye faili, nikamnyang'anya Chapchap, nikapekua mpaka chini kabisa, nikaitoa karatasi ya kwanza.

"Hii hamjaisoma," nikasema. "Nisikilizeni. 'Kruzi inakata. Naomba msaada.' Ndivyo alivyoandika. Hii a ya mwisho, hii nyekundu, ni yangu. Nilimsahihisha. Mbele ya foleni nzima nilimfundisha kuandika neno alilokuwa ameliandika sawasawa. Hana kosa huyu. Kosa ni langu, tangu herufi ya kwanza mpaka barua hiyo uliyoishika."

Nikamgeukia Mzee. "Lakini baba, zile mbili za baadaye? Mbona uliandika inakataa wewe mwenyewe?"

Akaniangalia kwa mshangao, kana kwamba jibu liko wazi.

"Si ulinifundisha, Mama? Mimi niliishia darasa la nne. Nikaenda nyumbani nikaliandika mara nyingi nyuma ya kalenda, nisije nikakosea tena mbele ya watu."

Nililia. Mimi, niliyezika mume bila kutoa chozi hadharani, nililia kwenye gereji mbele ya mtungi wa oili. Nikamwambia unisamehe, kaka yangu, unisamehe sana. Akasema yameisha. Meneja akaichana barua vipande vinne, akavitia mfukoni mwake mwenyewe, akampa Mzee mkono kwa mikono miwili na kumwambia kesho safari iko palepale, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na atapiga simu mwenyewe kwa yule wa lori. Chapchap akauchukua ule muhuri wa HAKUNA HITILAFU, akautazama, akautia kwenye droo. Hajautoa mpaka leo. Siku hizi anaandika kwa mkono alichopima na umbali aliokwenda.

Taratibu alikuja, akatoa kile kitambaa chake cha kufutia mikono, kile ambacho ole wako, akanipa nikafutia uso.

Sasa pale dirishani nimebadilisha utaratibu. Mtu akinieleza, naandika alivyosema, halafu namsomea. "Umesema hivi. Ndivyo?" Akisema sivyo, nafuta. Foleni imekuwa ndefu kidogo, wengine wananiita Taratibu wa pili, wacha waniite. Kalamu nyekundu niliipeleka nyumbani.

Mwezi baada ya hapo Mzee Themanini alileta gari kubadilisha oili. Mashine ya upepo ilikuwa inanguruma, akaninyooshea karatasi kama zamani, lakini safari hii alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Ilisema: "Kruzi haikati wala haikatai. Asante Shagazi."

Imepungua herufi. Nimeibandika juu ya dirisha hivyohivyo.